Kufuga Bahari Mbali na Pwani: Historia Fupi ya Tangi la Maji ya Chumvi

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili tunaofundisha bara hatuwezi kuikwepa bahari. Lugha yetu ilikulia pwani, na sehemu kubwa ya utajiri wake imo majini: kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, mwamba na matumbawe, kitatange, pono na changu. Mwanafunzi wa Rugerero, karibu na mji wa Gisenyi wilayani Rubavu, huliona Ziwa Kivu kila siku. Lakini Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 mashariki yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na maneno hayo yamo katika vitabu tunavyosoma darasani. Aghalabu mwalimu hulieleza neno kwa neno jingine, na mwanafunzi hubaki na sauti bila ya kitu.

Ndipo wenzetu wengine wanapouliza: je, haiwezekani bahari yenyewe iletwe darasani? Katika nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na Asia kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa mwambani na matumbawe yaliyo hai. Kwa nini shule ya Rugerero isiwe nalo? Swali hili halifai kujibiwa kwa pupa, kwani lina gharama ya fedha na gharama ya uhai. Makala haya yanakusudia kulijibu kwa njia ya historia. Tutaona kwamba watu walijaribu kufuga viumbe wa bahari kwa zaidi ya miaka mia, na kwamba hawakufaulu sawasawa mpaka walipotambua jambo moja: anayetaka kufuga bahari hana budi kufuga maji kwanza. Pale walipotanguliza samaki, walichovuna ni mizoga, na ufuo ukabaki mtupu.

Tumbawe la wajenzi na tumbawe la wataalamu

Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki walilijua tumbawe karne nyingi kabla ya kuwako tangi la kioo. Walilijua kwanza kama jiwe. Mawe ya mwamba wa nchi kavu yalijenga kuta. Na tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi lilichongwa mihrabu, miimo ya milango na nakshi, kwa sababu huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka likawa gumu. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, yako maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, yaliyochongwa katika tumbawe. Magofu ya Kilwa na ya Gedi yanaonyesha ufundi huohuo. Matumbawe mengine yalichomwa yakawa chokaa ya kujengea na kupaka kuta.

Wavuvi nao walilijua tumbawe kama makao. Walijua samaki yupi hukaa pangoni, yupi hutembea kwa makundi juu ya mwamba, na yupi hutoka usiku. Majina waliyotoa ni ushahidi wa kutazama kwa makini: jongoo bahari, kiti cha pweza, kangaja, tasi, chewa, mkunga.

Huko Ulaya, kwa muda mrefu wataalamu walidhani tumbawe ni mmea. Ni katika karne ya 18 ndipo ilipoanza kukubalika kwamba ni mnyama. Kwa hakika tumbawe ni mfano wa mji uliojengwa na vinyama vidogo laini. Kila kinyama kina mdomo uliozungukwa na minyiri, nacho hutwaa madini kutoka majini na kujitengenezea mifupa ya chokaa. Juu ya hayo, ndani ya nyama ya matumbawe mengi yanayojenga miamba huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, jamaa ya mwani, ambayo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo tumbawe lahitaji mambo matatu pamoja: maji safi, madini ya chokaa na mwanga mwingi. Msomaji akiyakumbuka matatu haya, ataelewa kwa nini wafugaji wa mwanzo walishindwa na kwa nini wa baadaye walifaulu.

Masanduku ya kioo

Mwaka 1832, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Bibi Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze argonauta, kiumbe wa jamaa ya pweza akaaye ndani ya gome jembamba. Wataalamu walikuwa wakibishana kama kiumbe huyo hulijenga gome lake mwenyewe au huliiba kwa mwingine. Kwa kumtazama akiwa hai ndani ya maji, bibi huyo alithibitisha kwamba hulijenga mwenyewe. Hapo kioo kilionyesha faida yake ya kwanza: kiliwezesha kumwona kiumbe wa bahari akiendelea na maisha yake.

Messina ni mji wa bandari, na maji mapya yalikuwa karibu. Shida ilikuwa kwa mtu wa mbali na ufuo. Mwaka 1846, Bibi Anna Thynne alichukua matumbawe madogo kutoka Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akayapeleka nyumbani kwake London. Haikuwezekana kuagiza maji mapya ya bahari kila siku. Basi akamwamuru mtumishi wake ayamimine maji yale kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Baadaye aliongeza mwani chomboni. Matumbawe yake yakaishi kwa muda wa miaka. Jina la mtumishi yule halitajwi sana katika vitabu, lakini mikono yake ndiyo iliyofanya kazi ambayo siku hizi hufanywa na pampu ya umeme.

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alieleza sababu ya jambo hilo. Alifuga samaki, mimea na konokono katika chombo kimoja. Mimea ilitoa oksijeni kwa mwanga wa mchana, samaki wakaivuta, na konokono wakala majani yaliyooza. Aliuita utaratibu huo ulinganifu wa wanyama na mimea. Mwezi wa Mei 1853, Nyumba ya Samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu juu ya ufugaji wa viumbe wa bahari, akieneza neno ambalo baadhi yetu huliandika akwaria. Gosse alitangaza pia namna ya kutengeneza maji ya bahari nyumbani kwa kuchanganya chumvi chache zilizopimwa.

Watu wakaipokea kazi hiyo kwa shauku kubwa mno. Familia zilishuka ufuoni na ndoo na patasi, zikabandua kila kilichoshika mwambani. Viumbe wengi walikufa baada ya siku chache, na waliokufa waliletewa wengine badala yao. Baada ya miaka michache mtindo ukapita, na masanduku mengi yakatupwa. Edmund Gosse, mwana wa Philip, alieleza kwa uchungu katika kitabu chake cha 1907, Father and Son, jinsi vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vilivyoachwa vitupu na watu waliovutwa na maandishi ya baba yake. Hilo ndilo somo la kwanza la historia hii: kupenda kiumbe bila ya kujua maji yake ni kumwangamiza.

Elimu ya maji

Kwa nini viumbe wale walikufa? Jibu lilikuja polepole, na kutoka pande mbalimbali.

Kwanza lilikuwa swali la chumvi. Merikebu ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876, ikikusanya maji. Mkemia William Dittmar alipima sampuli 77 za maji hayo, na mwaka 1884 akatangaza matokeo. Aligundua kwamba, ingawa bahari moja huweza kuwa na chumvi nyingi kuliko nyingine, mgawanyo wa chumvi kubwa zilizomo karibu haubadiliki. Kilo moja ya maji ya bahari kuu ina kiasi cha gramu 35 za chumvi, na sehemu kubwa yake ni ileile tunayotia chakulani. Zilizobaki ni za magnesi, kalsiamu, potasi na nyinginezo. Maana yake ni kubwa kwa watu wa bara: mgawanyo ukijulikana, maji ya bahari yaweza kutengenezwa popote. Hata hivyo, kutia chumvi ya mezani katika ndoo ya maji hakutoshi, kwani madini mengine yatakosekana. Katika miaka ya 1960 michanganyiko kamili ilianza kuuzwa ikiwa tayari katika pakiti.

Pili lilikuwa swali la uchafu. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake hata ikiwa kidogo. Mnamo 1890 Sergei Winogradsky alionyesha kwamba wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali kama hizo mbili za kwanza. Bakteria hao huota juu ya mawe na mchanga, na huhitaji wiki kadhaa kuenea. Tangi jipya ni zuri machoni lakini halina walinzi hao. Anayetia samaki siku ya kwanza huwatia katika sumu watakayoitengeneza wao wenyewe. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ni sheria ya kemia.

Tatu, watu walianza kujifunza kutoka kwa mwamba wenyewe. Mwaka 1956, huko Nouméa katika New Caledonia, René Catala alifungua nyumba ya samaki ambamo matumbawe mengi yaliishi katika maji yaliyoletwa moja kwa moja kutoka baharini. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza njia yake ambayo haikuwa na mitambo mingi. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe ya mwambani yakiwa bado yana uhai wake. Mawe hayo yalibeba bakteria, mwani na vijidudu, nayo yakasafisha maji kama yalivyofanya baharini.

Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Ujerumani na nchi za jirani waliunganisha mafunzo haya. Waliweka mawe hai, wakawasha taa kali kwa ajili ya mimea iliyomo ndani ya matumbawe, wakatumia chombo kinachotoa uchafu kwa povu kabla haujaoza, na wakarudisha madini ya chokaa yaliyotumiwa na matumbawe. Mwaka 1986 makala za George Smit ziliamsha kazi hiyo nchini Marekani. Kufikia miaka ya 1990 matumbawe hayakuishi tu ndani ya nyumba. Yalikua, yakakatwa vipande, na vipande hivyo vikapandwa katika matangi mengine. Kadhalika, samaki wadogo wakaao katikati ya minyiri ya viumbe wa mwambani walianza kuzalishwa matangini tangu miaka ya mwanzo ya 1970.

Biashara katika pwani yetu

Taa na pampu zilipoenea ng'ambo, haja ya samaki ikafika kwetu. Katika pwani ya Kenya, tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, wako wazamiaji wanaovua samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo za mkono na kuwauza kwa wasafirishaji. Samaki hutiwa mmoja mmoja au wachache wachache katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, kisha hupelekwa ng'ambo kwa ndege. Miongoni mwao yumo samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye kazi yake mwambani ni kuwasafisha samaki wengine kwa kula wadudu waliowashika. Anayemwondoa huyo humwondoa tabibu wa jirani zake wote.

Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Na mzamiaji wa pwani ana elimu ambayo mnunuzi wa ng'ambo hana. Avuaye kwa wavu wa mkono huchagua. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wavuvi wengine walitumia sumu ya sayanaidi kuwalevya samaki wa mapambo, na sumu hiyo iliua matumbawe yaliyowazunguka. Dunia nayo ilianza kuweka mipaka. Tangu 1990 matumbawe yote magumu yajengayo miamba yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini.

Lakini hatari kubwa zaidi ilitoka mahali pengine. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yaliyashindwa, yakaipoteza ile mimea midogo inayoyalisha, yakawa meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya upande wetu wa bahari ikafa. Joto kama hilo lilirudi 2016. Hivi leo, katika kisiwa cha Wasini, kusini ya Mombasa, watu wamejifunza kupanda matumbawe upya: huchukua vipande vilivyovunjika, huvilea juu ya vitalu vya chini ya maji, kisha huvirudisha mwambani. Ufundi wa kukata na kulea vipande ni uleule waliouzoea wafugaji wa matangi. Kwa hiyo si haki kusema kwamba tangi limeleta hasara tupu. Limeleta elimu pia, ila elimu hiyo ilichelewa, na mwamba ndio uliolipa ada.

Ziwa Kivu, mfano wa nyumbani

Mkazi wa Rugerero hahitaji kwenda mbali ili aione sheria ya maji. Ziwa Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha meta 1,460, na kina chake chafika karibu meta 485. Maji ya juu yana oksijeni, nayo ndiyo makao ya samaki. Maji ya chini yana chumvi nyingi zaidi, hivyo ni mazito, hayapandi juu kuchanganyika. Humo hamna oksijeni, bali mna hewa ya ukaa na gesi ya methani kwa wingi. Ziwa zima ni kama tangi lenye tabaka mbili, moja la uhai na moja la kifo.

Kabla ya 1958 hapakuwa na samaki aliyezoea kuishi katika maji ya wazi ya Kivu na kula vijidudu vielea majini. Kuanzia 1958 hadi 1960, chini ya utawala wa Wabelgiji, makumi ya maelfu ya vifaranga vya dagaa wa jamii mbili vilisafirishwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu. Walitoka maji yaleyale, wakasafiri safari ileile. Lakini jamii moja tu ndiyo iliyostawi. Hao ndio isambaza wa leo, ambao wavuvi wa Rubavu huwavua usiku kwa taa na nyavu kutoka mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu. Mgeni huyo amelisha watu wengi. Hata hivyo, alipofika, kiroboto wa maji aliyekuwa mkubwa kupita vijidudu wenzake ziwani aliliwa mpaka akatoweka. Aliyetia samaki alikuwa amebadilisha maji pia, na hakuna awezaye kuyarudisha kama yalivyokuwa.

Je, Rugerero?

Sasa turudi kwenye swali letu. Tangi la bahari laweza kuwekwa Rugerero. Kemia ya Dittmar inaruhusu. Lakini maji ya Kivu hayafai kwa kazi hiyo. Maji ya juu ya ziwa yana kiasi cha gramu moja tu ya chumvi katika lita, na chumvi zenyewe ni za bikaboneti na magnesi zaidi kuliko chumvi ya bahari. Itabidi maji yasafishwe, kisha yatiwe mchanganyiko ulioagizwa kutoka ng'ambo. Usiku wetu ni wa baridi, na matumbawe hupenda joto la kiasi cha digrii 24 hadi 27. Kwa hiyo patahitajika kipasha joto. Katika mwinuko wetu hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja katika sita kuliko maji ya pwani. Kwa hiyo pampu haina ruhusa ya kupumzika. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, kilichojengwa kwa mwaka mzima huweza kufa usiku mmoja. Na kila kiumbe kitakachokufa kitakuwa kimetolewa mwambani, au kimelelewa na mtu kwa taabu.

Kwa maoni yangu, shule isianzie hapo. Ianze na tangi la maji matamu, pamoja na mawe, mimea na samaki wachache wa hapahapa. Wanafunzi wayape maji wiki kadhaa kabla ya samaki, wapime, wasubiri, waandike kila siku kwa Kiswahili waliyoyaona. Watajifunza hewa, mwanga, uchafu na subira, yaani yote ambayo Bibi Thynne na wenziwe walihangaika kuyajua. Na samaki aliyetoka mahali pengine asimwagwe ziwani kamwe. Isambaza ametufundisha kwamba jambo hilo halina marejeo.

Ama maneno ya bahari, tuyafundishe pamoja na habari zake. Tunapofundisha tumbawe, tuseme ni jiwe la mihrabu ya Kizimkazi, ni mnyama, ni shamba la mimea isiyoonekana, na ni kitu kilicho hatarini kufa kwa joto. Tunapofundisha bamvua, tueleze mvuvi anayetembea juu ya mwamba maji yanapopwa sana. Neno lililofundishwa hivyo litamkaa mwanafunzi, hata kama hajaiona pwani. Na siku atakapoiona, atajua anachokitazama, na huenda akawa mwangalifu asikikanyage.